Karani Akikuuliza "Purpose": Kusema "Ili" na "Kwa Ajili Ya" kwa Kiingereza Bila Kukwamisha Pesa Yako

Wiki hii tunaweka kando hesabu za viwango vya kubadilisha fedha, tuongelee maneno. Siyo kwamba tumegeuka walimu wa lugha, sisi bado ni watu wa madaftari ya hesabu. Ila pesa halali kabisa inaweza kukwama kaunta kwa sababu tu mwenye nayo ameshindwa kueleza ni ya nini. Na swali lenyewe lipo kwenye fomu kila siku: "Purpose of transfer", au "Purpose of remittance". Yaani, pesa hii unaituma ili iweje?

Kwanza tujue kwa nini wanauliza, maana wengi wetu tunakasirika tukidhani karani ana umbea. Hana. Mabenki na ofisi za kutuma pesa zinabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Hata kwetu sheria hizo zipo: Tanzania ilitunga yake mwaka 2006, Kenya mwaka 2009. Karani lazima aandike pesa imetoka wapi na inakwenda kufanya nini. Falme za Kiarabu Benki Kuu imeweka mpaka vifupisho vyake: FAM ni pesa ya kusaidia familia, EDU ni ya masomo. Jibu lako lisipoeleweka, karani anaweza kukudai karatasi zaidi, au akaizuia pesa kwanza mpaka aelewe. Wakati huo mtoto nyumbani anarudishwa ada.

Kwa hiyo tuanze na majibu mafupi, yale ya kusema ukiwa umesimama kaunta na foleni nyuma yako inakohoa. Chakula, kodi ya nyumba, umeme, matumizi ya kawaida ya wazazi au watoto, sema "family support". Ada ni "school fees". Hospitali ni "medical expenses". Unajiwekea mwenyewe kwenye akaunti yako nyumbani, ni "savings". Unalipa deni, ni "loan repayment". Haya hayahitaji sentensi. Sema hivyo hivyo, inatosha.

Tahadhari moja tu hapa. Pesa ya kiwanja usiiite "family support" eti kwa sababu ndiyo neno ulilozoea. Ukituma kiasi kikubwa kuliko mshahara wako wa kila mwezi, swali la pili litakuja tu, na hapo majibu mawili yasiyofanana ndiyo yanaleta shida. Sema "to buy land", na uwe na nakala ya makubaliano ya mauziano kwenye simu.

"To" na "for"

Sasa karani akitaka maelezo, ndipo tunapojikwaa. Sikiliza sentensi hizi:

"I send money for pay school fees."
"I send money for to pay school fees."
"I send money to paying school fees."

Zote tatu hazijakaa sawa. Chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe. Sisi "kwa ajili ya" tunaiweka popote: kwa ajili ya ada, kwa ajili ya kulipa ada, yote sawa. Kiingereza kimegawa kazi. Kikifuata kitendo, tumia "to". Kikifuata kitu, tumia "for".

"I am sending money to pay school fees." Kulipa ni kitendo.
"I am sending money for school fees." Ada ni kitu.

Basi. Kabla hujafungua mdomo jiulize, ninachotaka kutaja ni kitendo au kitu? Na baada ya "to" kitendo kinakuja kitupu, bila mkia wowote: to pay, to buy, to build, to help. Siyo to paying, siyo to paid.

Walioko saiti watauliza: mbona foromani anasema "this machine is for cutting steel", ameweka "for" na kitendo? Ni kweli. Hiyo ni pale unapoeleza kifaa kimetengenezwa kwa kazi gani. Mashine ya kukatia nondo, sabuni ya kufulia, kitambaa cha kufutia vioo: "for cutting", "for washing", "for cleaning glass". Ni kama ule mwisho wetu wa "-ia", kukatia, kufulia. Hapo "-ing" inaruhusiwa. Lakini ukieleza nia yako wewe mtu, rudi kwenye "to": "I came to cut the steel."

Ukiandika barua au kujaza fomu unaweza kutumia "in order to". Maana ni ile ile ya "to", ila imevaa koti. "I am requesting an advance in order to pay my daughter's school fees." Kaunta huna haja nayo, na usiichanganye na "for": hakuna "in order for pay".

Nani atakayefanya?

Hapa tutakaa kidogo, maana kosa la hapa linabadilisha maana yote. Tuseme kaka yuko Sharjah, anatuma pesa mwanawe asome chuo. Anamwambia karani:

"I am sending money to study."

Karani anamwangalia, ana ovaroli na vumbi la saruji, anauliza, "You are a student?" Na ana haki ya kuuliza, kwa sababu sentensi ile inasema anayetuma ndiye atakayesoma. "To" inamfuata mtu yule yule aliyeanza sentensi. Mtendaji akibadilika, lazima umtaje. Njia ya kwanza:

"I am sending money so that my son can study."

Njia ya pili, fupi:

"I am sending money for my son to study."

Zote sahihi. Ile "so that" ndiyo ndugu wa karibu kabisa wa "ili" yetu: ili mwanangu asome. Baada ya "so that" weka mtu, kisha "can" au "will", kisha kitendo. Ukisimulia mambo yaliyopita, "can" inageuka "could": "Last year I sent money so that my mother could see a doctor."

Na ukitaka kusema "ili nisi-", usiseme "for not". "I left early for not be late" haipo. Sema "I left early so that I would not be late", au kwa ufupi "so as not to be late". Dada anayeandika orodha ya sokoni anaweza kusema "I write it down so that I don't forget". Hiyo ni rahisi, ishike.

"For my friend": hatari ndogo inayofanana na heshima

Kiswahili kina "namtumia mama" na kina "natuma kwa niaba ya mama". Kiingereza "for" inaweza kusikika kote kuwili. Ukisema "I am sending money for my friend", karani anaweza kuelewa kwamba rafiki yako ndiye mwenye pesa na wewe umeazimisha kitambulisho chako. Kama rafiki ndiye mpokeaji, sema "I am sending money to my friend". Kama ni mama, "to my mother, for her medicine". "To" kwa anayepokea, "for" kwa kitu kitakachonunuliwa. Ukiweza kupanga hivyo viwili, umeshamaliza nusu ya maswali ya kaunta.

Na kama kweli ni pesa ya mwenzako, ukitaka kusema ukweli neno ni "on behalf of". Ila ushauri wetu wa kihasibu ni mmoja: usitume. Kitambulisho ni chako, jina kwenye risiti ni lako, na siku ikiulizwa ile pesa ilitoka wapi, utakayeitwa ni wewe. Mwenzako kama kadi yake imeisha muda, akaifanye upya. Hata pesa za mchezo au chama, aliyepokea zamu yake atume mwenyewe kwa jina lake.

Tukiwa hapo hapo, msichanganye "for" na "from". Fomu ikiuliza "Source of funds", jibu ni chanzo siyo dhumuni: "from my salary", au "salary" peke yake. Ukijibu "for salary" umesema unatuma pesa ili ulipe watu mishahara. Karani atadhani una kampuni.

"I want leave" na "I want to leave"

Hii tunawaandikia hasa dada zetu wa kazi za ndani. "Leave" ni likizo. "To leave" ni kuondoka, na kwa masikio ya mwajiri ni kuacha kazi. Tofauti ni "to" moja, herufi mbili.

"I want leave to see my mother." Nataka likizo nikamwone mama.
"I want to leave to see my mother." Nataka kuondoka nikamwone mama.

Madamu akisikia ya pili anaweza kuanza kutafuta mtu mwingine siku hiyo hiyo. Kule Saudia kuna viza ya kutoka na kurudi, na kuna "final exit", ya kuondoka moja kwa moja. Hutaki karatasi ya pili ijazwe kwa sababu ya neno dogo. Kwa hiyo usiliache "leave" liko peke yake. Sema:

"Madam, I would like to take my annual leave in August to visit my mother. I will come back on the fifth of September."

Angalia mambo matatu pale: "annual leave" imeondoa utata, "to visit my mother" imetaja dhumuni, na tarehe ya kurudi imemtuliza. Andika pia kwenye ujumbe wa simu, siyo mdomo tu. Ujumbe unabaki na tarehe.

Ngazi za nia

Nia ina uzito wake. Kiswahili tunasema "nafikiria", "nina mpango", "nimeamua", kila moja kwa uzito wake. Kiingereza ni vivyo hivyo, na hapa kuna pesa ndani yake.

"I am thinking of buying a plot": bado ni wazo. Siyo "I think to buy".
"I hope to buy a plot": natumaini, Mungu akipenda.
"I am planning to buy a plot", au "I plan to buy": mpango upo. Siyo "I am plan to".
"I intend to buy a plot": nia rasmi, lugha ya barua. Siyo "I am intend".
"I am going to buy a plot": nimeshaamua.
"I will buy the plot": naahidi.

Ukimwambia mtu anayekudai "I will pay you on Friday", umeahidi. Kama huna uhakika na mshahara, sema "I hope to pay you on Friday" na hapo hapo umweleze sababu. Siyo ujanja huo, ni kusema kile ulicho nacho.

Lakini upande wa pili ndio unaotuhangaisha zaidi, yaani pale wewe ndiye unayesomewa. Wauza viwanja wanatufuata huku tuliko na vipeperushi vya rangi na mikataba ya Kiingereza. Soma kitenzi kabla hujasoma bei. "The company intends to build a road" maana yake kampuni ina nia ya kujenga barabara. Nia tu. "The company plans to bring water": ina mpango wa kuleta maji. Hakuna aliyeahidi kitu. Barabara isipojengwa, watakuonyesha sentensi ile ile na watakuwa na hoja. Kwenye mkataba neno linalofunga ni "shall" au "will", tena lenye tarehe: "The seller shall transfer the title deed to the buyer within 90 days of final payment." Hapo muuzaji amejifunga kukukabidhi hati ndani ya siku 90 baada ya malipo ya mwisho. Ukikuta "intends to", "aims to", "plans to" mbele ya barabara, maji, umeme au hati, hesabu kwamba havipo, na bei uijadili kama kiwanja kisicho navyo. Au waombe waandike "shall". Wakikataa, jibu umelipata.

Ni hivyo hivyo kwa mwajiri akikuambia "we plan to increase your salary". Mshukuru, ila usikopee kwenye hiyo nyongeza.

"On purpose"

Neno "purpose" lina nyoka mdogo ndani yake. "On purpose" ni kwa makusudi. Tuseme sahani imekuponyoka, au pasi imeunguza kanzu ya mzee. Umetishika, unataka kusema hukukusudia, linatoka "I did it on purpose". Umekiri kwamba umefanya makusudi. Na sehemu ambazo kilichovunjika hukatwa mshahara, kati ya bahati mbaya na makusudi kuna pesa hapo, na kuna kuaminika.

Shika sentensi mbili, uzizoee mpaka zitoke zenyewe hata ukiwa na hofu:

"I am sorry, it was an accident."
"I didn't mean to break it."

"Accident" siyo gari tu. Ni jambo lolote la bahati mbaya. Na "mean to" ni kukusudia. Hizi mbili hazina mtego. Hiyo "on purpose" iache kwanza mpaka ulimi uizoee "didn't".

Kwa mafundi, neno jingine la kushika ni "in case", la kujihadhari. "So that" inataja unachotaka kitokee, "in case" inataja usichotaka ila kinaweza kutokea. "Wear the harness in case you fall": vaa mkanda, lolote laweza kutokea. Ukisema "wear the harness so that you fall" umemwambia mwenzako avae ili aanguke. Watu watacheka, lakini juu ya ghorofa ya kumi na mbili si pa kuchekea. Na baada ya "avoid" hakuna "to": "to avoid falling", siyo "to avoid to fall".

Kuandika dhumuni la akiba yako

Turudi kwenye kazi yetu. Wengi mkiulizwa benki "What is the purpose of this account?" mnajibu "for money". Sema "for my salary and savings", inatosha kwa benki. Kwa daftari lako mwenyewe haitoshi. Andika sentensi yenye kiasi, kitendo na tarehe:

"I am saving 25 rials a month to buy iron sheets by December 2027."

Rial 25 mara miezi 24 ni rial 600. Kwa kuwa rial ya Omani imefungwa na dola, hiyo ni kama dola 1,560. Sasa unaweza kumpigia fundi simu ukaulize bei ya mabati, ukajua kama 25 inatosha au uongeze. Ukiandika "I am saving money" tu, hakuna cha kupiga hesabu.

Na kila unapotuma, pale kwenye sehemu ya maelezo andika kitu chenyewe: "for cement", "for iron sheets", "for school fees term two". Risiti hizo zitunze kwa mpangilio wa tarehe. Siku ukibishana na ndugu juu ya nyumba imejengwa na nani, au fundi akidai hajalipwa, risiti iliyoandikwa "for cement" inasema zaidi ya ile iliyoandikwa "family support".

Zoezi

Jaza nafasi kwa to, for, so that, from au in case. Usiangalie majibu kwanza.

1. I am sending this money ___ my father's operation.
2. I want an advance ___ pay rent at home.
3. I send money every month ___ my sister can finish college.
4. This money is ___ my salary.
5. Keep a copy of your passport ___ you lose it.
6. I am sending 100 rials ___ my brother ___ buy cement.

Majibu: 1 ni for, maana operesheni ni kitu hapo, siyo kitendo. 2 ni to. 3 ni so that, mtendaji amebadilika. 4 ni from, mkiweka "for" mtaulizwa kampuni iko wapi. 5 ni in case. Ya 6 ina njia mbili. Ukiweka to na to, kaka ndiye anayepokea, na pesa ni ya kununulia saruji. Ukiweka for na to, kaka ndiye anayenunua, ila karani hajajua bado nani anapokea, kwa hiyo kaunta tumia ile ya kwanza.